Kampuni ya sola inataka ardhi yetu ya jamii miaka 30, tuchukue kodi ama tudai hisa? Na hisa tunalipia na nini?

Kijana_wa_Samburu

Wadau hamjambo. Naandika kutoka Samburu. Ardhi yetu ilikuwa grupu ranchi ya kitambo, saa hii tumeshaisajili kama ardhi ya jamii, title iko na kamati tumechagua. Sasa kuna kampuni imekuja, jina sitataja, inataka ekari 300 iweke paneli za sola megawati 40, mkataba wa miaka 30, watalipa kodi kila mwaka kwa kila ekari, halafu basari za watoto na kisima kimoja. Mkutano wa kwanza walikuja na mchele na mbuzi wa kuchinja na karatasi tayari zimepigwa chapa, wakataka wazee watie sahihi siku hiyo hiyo eti nafasi itaenda kaunti nyingine. Wazee walikataa, walisema wanataka kufikiria kwanza, na mimi nashukuru sana walikataa.

Sasa mimi niliuliza kwenye ule mkutano, kwa nini tusiwe na hisa kwa huo mradi? Jamaa wa kampuni akanijibu hisa ni za watu wenye mtaji. Hiyo maneno imenikaa kwa kichwa mpaka leo. Nimesikia Kanada watu wa asili ya pale wanamiliki laini za umeme na mabomba ya gesi pamoja na makampuni makubwa. Ni kweli? Na kama ni kweli pesa wanatoa wapi, manake sisi mali yetu ni ng'ombe na hii ardhi, na ardhi hatuwezi kuweka rehani benki, wazee hawataki kusikia hiyo na mimi pia sitaki. Tafadhali mwenye anajua anielimishe, mkutano mwingine uko karibu na sitaki tuende pale tukiwa hatujui kitu.

Mkenya_Thunder_Bay

Ndugu yangu salamu kutoka Ontario. Ni kweli kabisa na mfano mmoja uko huku huku ninakoishi, unaitwa Wataynikaneyap Power. Ni laini ya umeme ya karibu kilomita 1,800 kaskazini magharibi ya Ontario. First Nations 24 (ndivyo wanavyoitwa jamii za watu wa asili huku) zimeungana zikamiliki asilimia 51, ile 49 iko kwa kampuni ya umeme ya Fortis na wawekezaji wengine wa kibinafsi. Wao ndio wengi kwenye meza, sio wageni waalikwa.

Ili uelewe kwa nini walipigania hii kitu: vile vijiji vya mbali vilikuwa vinatumia jenereta za dizeli, mafuta yanaletwa kwa ndege ama kwa barabara ya barafu wakati wa baridi, na jenereta ikifika mwisho wa uwezo wake huwezi kuunganisha hata nyumba mpya moja. Nyumba inajengwa inakaa bila umeme. Laini imekuja kuunganisha vijiji 17, cha kwanza kilikuwa Pikangikum mwezi wa 12 mwaka 2018.

Pesa sasa. Serikali kuu iliahidi dola bilioni 1.6 za Kanada mwaka 2018 na jimbo la Ontario likasaidia na mkopo wa wakati wa ujenzi. Kwa hiyo usidhani machifu waliuza ng'ombe (hawana hata ng'ombe wenyewe huko msituni). Serikali iliweka mkono, hapo ndo siri yote ilipo.

Tena shida yao ya dhamana ni kama yenu kabisa. Ile sheria yao ya zamani, Indian Act, hairuhusu mali iliyo ndani ya hifadhi yao ichukuliwe na mdai wa nje, kwa hiyo benki zilikuwa zinawaangalia tu zinasema nikikukopesha na ukishindwa nitachukua nini? Walichofanya ni kutafuta dhamana isiyo ardhi. Kuna chombo chao kinaitwa First Nations Finance Authority, kimetokana na sheria ya 2005, jamii nyingi zinaingia pamoja, kila moja inaweka mapato yake ya uhakika kama vile kodi na mirabaha (malipo ya kutumia rasilimali yao), kisha chombo kinaenda soko la hatifungani, yaani bond, kukopa kwa niaba ya wote kwa riba ya chini. Hatifungani ya kwanza waliuza 2014, dola milioni 90. Kufika 2021 chombo hicho hicho kiliwakopesha jamii za Mi'kmaq dola milioni 250, miaka 30, wakanunua nusu ya kampuni kubwa ya samaki inaitwa Clearwater. Samaki sio barabara wala umeme, najua, ila nakuonyesha nguvu ya kuungana.

Halafu kuna dhamana ya serikali kwenyewe. Alberta ilianza yake 2019. Serikali kuu ikaja na yake kwa bajeti ya 2024, dola bilioni 5, mwaka 2025 ikapandishwa kuwa bilioni 10. Maana yake jamii inakopa benki ya kawaida lakini serikali inasema huyu akishindwa mimi nitalipa, basi riba inashuka. Ya kwanza ilienda kwa First Nations 36 za British Columbia, dhamana ya dola milioni 400, wakanunua asilimia 12.5 ya bomba la gesi la Westcoast la kampuni ya Enbridge. Kwa hiyo yule jamaa aliyekwambia hisa ni za wenye mtaji mwambie mtaji wenyewe ni wa kukopa, hata kampuni yake inakopa.

Mhasibu_Mstaafu

Hapo mwisho ndugu wa Thunder Bay amepiga msumari. Nilifanya kazi upande wa mikopo ya miradi miaka mingi, wacha nieleze kwa hesabu kwa sababu watu wengi wakisikia mradi wa bilioni 5 wanadhani asilimia 10 ni milioni 500 na wanakata tamaa palepale. Sivyo.

Chukulia mradi wenu unagharimu shilingi bilioni 5, ni mfano tu. Kampuni haitoi bilioni 5 mfukoni. Wakopeshaji watatoa kama robo tatu, bilioni 3.75, na wenye hisa watatoa bilioni 1.25. Hisa ni ya hiyo 1.25. Asilimia 10 ya hiyo ni milioni 125. Bado ni pesa nyingi kwa jamii ya wafugaji lakini sio milioni 500, na mtu asiwatishe na namba kubwa.

Sasa mkikopa hizo milioni 125 kwa benki ya kawaida hapa kwetu kwa riba ya asilimia 16, kila mwaka mnadaiwa milioni 20 za riba peke yake. Tuseme mradi unawapa gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa) la asilimia 14, yaani milioni 17.5. Umeona? Mnamiliki mradi na kila mwaka mnaongeza deni. Mkipata mkopo wa asilimia 7, riba ni milioni 8.75, inabaki nusu ya gawio ya kupunguza deni lenyewe. Mradi ni ule ule, paneli zile zile, jua lile lile, tofauti ni riba tu. Ndio maana dhamana ya serikali ya Kanada ni kitu kikubwa, na ndio maana mtu akikwambia nenda ukope benki ununue hisa kama wale wa Kanada anakupeleka shimoni.

Na kuna jambo lingine halisemwi kwenye mikutano ya mbuzi na mchele: wenye hisa ndio wanalipwa mwisho. Wakopeshaji kwanza, mafundi, bima, ushuru wa serikali, akiba ya deni, halafu kama kumebaki ndio gawio. Miaka ya kwanza kunaweza kusibaki kitu kabisa na hakuna aliyewaibia, mkataba wa mkopo ndivyo ulivyoandikwa. Sasa jamii iliyoambiwa "mna hisa" inakaa miaka mitano haioni senti, unadhani watafanya nini? Watafunga barabara.

Kwa hiyo mimi ningekuwa kwenye hiyo kamati ningedai vitu viwili tofauti na nisikubali kimoja kiliwe na kingine. Cha kwanza, asilimia ya mauzo ghafi ya umeme. Sio ya faida, ya mauzo. Faida inaweza kufichwa kwa hesabu, mauzo yanasomwa kwenye mita. Cha pili, hisa za kupewa kwa ajili ya ardhi, hata kama ni kidogo, pamoja na haki ya kununua nyingine baadaye, tuseme baada ya mradi kuwaka na kukaa miaka mitatu, kwa bei iliyokubaliwa kabisa leo. Hatari kubwa ya mradi iko kwenye ujenzi. Waacheni wabebe hiyo wao, nyinyi mkiingia mtambo umeshasimama na umeme unauzwa, hapo hata mkopeshaji atawasikiliza.

Dada_wa_Laisamis

Nasoma haya yote na nafurahi lakini niseme kitu kimoja kama mtu wa Marsabit. Sisi tuna ule mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310, na ardhi iliyokodishwa ni ekari 150,000. Laki moja na nusu! Mitambo yenyewe inakalia sehemu ndogo sana ya hiyo ardhi. Iliyotoa ilikuwa baraza la kaunti la zamani, sio mkutano wa wafugaji wa pale. Watu walienda kortini 2014, na 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikasema title zile zilipatikana bila kufuata sheria, ikapea wahusika mwaka mmoja kurekebisha. Fikiria hapo, mitambo ilishamalizika 2017 na umeme ulishaanza kwenda kituo cha umeme cha Suswa 2018, ndio swali la nani mwenye ardhi linajibiwa.

Kwa hiyo kaka yangu wa Samburu, kabla ya hisa asilimia ngapi, uliza jamii ni nani. Kwa huo mkutano wenu wanawake walikuwa wangapi? Vijana walioenda na ng'ombe walikuwako? Kwetu wazee wachache wanakula mbuzi, wanasaini, na mama ambaye alikuwa anapitisha maji na kuni pale ndio anagundua siku ya waya. Hata hiyo Kanada mnayosifu si shwari. Bomba la Coastal GasLink, mabaraza ya kuchaguliwa ya First Nations 20 yalisaini makubaliano, lakini machifu wa kurithi wa Wet'suwet'en, jamii mojawapo ya pale, walisema hao hawana mamlaka juu ya ardhi yetu ya asili, na 2020 reli zilifungwa nchi nzima karibu. Makubaliano ya pesa hayakumaliza lile swali. Pesa ikija kabla watu hawajakubaliana nani anasema kwa niaba yao, pesa yenyewe ndio inaleta vita, na nyinyi pale Samburu mnajua mambo ya vita ya mpaka na malisho zaidi yangu.

Kijana_wa_Samburu

Dada umesema ukweli. Kwa ule mkutano wanawake walikuwa nyuma chini ya mti, hawakuulizwa kitu, na vijana wengi walikuwa na mifugo mbali juu ya ukame. Mhasibu asante sana, ile hesabu nimeiandika kwa daftari. Swali langu, sheria yetu ya Kenya inasema aje kuhusu sahihi? Kamati peke yake inaweza saini?

Sheria_Mwaka_wa_Nne

Hapana, na hii naomba uibebe kwa mkutano imechapishwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36, mkataba wa mwekezaji hauna nguvu mpaka upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili ya hiyo ofa, na huo mkutano lazima uwe na akidi, yaani idadi ya chini ya waliohudhuria, ya theluthi mbili ya watu wazima wa jamii. Kamati inazungumza kwa niaba yenu, ndio, lakini haiwezi kuwauza. Mtu mzima ni pamoja na mama na ni pamoja na yule morani aliye na ng'ombe mbali, kwa hiyo kama register yenu ya wanajamii ina majina ya wanaume tu anzeni kurekebisha hapo kabla ya kitu chochote, manake hata kampuni yenyewe baadaye itakuja kuteseka kortini.

Kifungu hicho hicho kinataka mkataba ugusie athari za mazingira, fidia na mirabaha, kurudisha ardhi ikiwa sawa mradi ukiisha, na kufundisha watu wenu kazi. Kwa hiyo kisima kimoja na basari si zawadi, ni kidogo kuliko sheria inavyotarajia.

Na ulizeni wanakopa wapi. Kama kuna pesa ya IFC (tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni za kibinafsi) ama benki nyingine za maendeleo zinazofuata viwango vyake, kuna masharti juu ya jamii za asili, kwa mazingira kama yenu wanatakiwa waonyeshe ridhaa iliyo huru, iliyotolewa mapema, na watu wakiwa na taarifa kamili. Karatasi iliyosainiwa siku ya mbuzi haiwezi kupita hapo. Hiyo ni nguvu yenu, itumieni kwa heshima lakini itumieni.

Mdau_wa_Arusha

Wakuu wa Kenya nawasoma kwa makini sana kwa sababu huku kwetu ni tofauti na inaumiza. Ardhi ya kijiji kwa sheria ya 1999, mwekezaji wa kigeni akiitaka inabidi ihamishwe kwanza iwe ardhi ya jumla, ndipo apewe kupitia mamlaka ya uwekezaji ya serikali. Ikishahama kijiji hakina tena ardhi ya kuweka mezani kama mtaji. Mnapata fidia, basi, mmeachana nayo. Kwa hiyo nyinyi ambao sheria inawaacha mkae na title na mkodishe wenyewe, aisee msiichezee hiyo nafasi. Halafu swali kwa wataalamu, kuna mradi wowote Kenya ambapo jamii ina hisa kweli ama tunaongelea Kanada tu?

Mvuke_Naivasha

Mkuu wa Arusha upo. Kipeto, Kajiado, upepo megawati 100, umeanza kuuza umeme 2021. Pale wenye ardhi ni Wamaasai wenye title zao, walikodisha na wanalipwa kulingana na mapato, na kuna trasti ya jamii iliyowekewa asilimia 5 ya hisa. Mkopo mkubwa ulitoka shirika la serikali ya Marekani. Linganisha hiyo na Kinangop, upepo megawati 60 na kitu, wenyeji walikataa, kukawa na maandamano, mradi ukafa 2016. Mwekezaji mwenye akili anaangalia hizo mbili na anajua ipi ina gharama nafuu.

Mimi niko kwa mambo ya umeme wa mvuke wa ardhini na nilienda kozi New Zealand kama Wakenya wengi wa hii kazi, na nilichokiona kule bado kinanisumbua. Kuna mtambo wa Mokai. Asilimia 75 ni ya Tuaropaki Trust, ambao ni Wamaori wenye ile ardhi, na kampuni kubwa ya umeme ina 25 tu na ndiyo wameipa kazi ya kuuendesha. Umesikia hiyo? Kampuni ndio inafanyia kazi wenyeji. Walianza 2000 na megawati 55, wakakua polepole mpaka 112, mvuke mwingine wanapasha joto nyumba za vioo za mboga na kiwanda cha maziwa ambacho wana hisa kubwa. Karibu na hapo kuna Ngā Awa Purua, megawati 140, imefunguliwa 2010, trasti nyingine ya Wamaori ina sehemu yake ndani.

Sasa rudi Olkaria. Megawati 140 vilevile, Olkaria IV, 2014. Familia za Wamaasai zilihamishwa zikapelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland, zikalalamika mpaka Benki ya Dunia na benki ya uwekezaji ya Ulaya, ikabidi waletewe wasuluhishi ndio makubaliano yapatikane 2015. Sheria ya Nishati ya 2019 imekuja kusema mrabaha wa mvuke ugawanywe, asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale. Na hiyo ni asilimia 5 ya mrabaha, sio ya mtambo. Sisemi Wamaori walipewa kwa huruma, hapana, walikuwa na ardhi yenye hati ya pamoja, na trasti yenye hesabu safi. Naipenda kazi yangu na nataka mvuke uendelee, lakini siwezi kusema uongo kwamba njia ya Olkaria ndiyo njia pekee.

Kijana_wa_Samburu

Hii ya Mokai nimesoma nikarudia. Mhasibu, swali la mwisho. Tukichukua asilimia ya mauzo na wao wapate shida, mitambo iharibike ama Kenya Power ikatae kununua, si tutabaki na ardhi imefunikwa paneli na hatuna kitu?

Mhasibu_Mstaafu

Swali zuri sana. Ndio maana kodi ya ekari haiondoki, inakuwa sakafu. Mnaandika hivi, kila mwaka mtalipwa kodi ya ardhi ama asilimia ya mauzo, ile iliyo kubwa. Mwaka mbaya mnakula kodi, mwaka mzuri mnakula mauzo. Kodi ipande kila mwaka na bei za vitu, manake shilingi ya leo miaka 30 ijayo haitanunua hata kiberiti.

Halafu waulizeni kitu kimoja kabla ya vingine vyote: mna mkataba wa kuuza umeme na Kenya Power? Kama hawana bado, hao hawana mradi, wana ndoto na wanataka ardhi yenu iwasaidie kutafuta mwekezaji wa kweli wamuuzie. Si vibaya, biashara nyingi huanza hivyo, lakini basi wapeni haki ya kusubiri tu, miaka miwili, wailipie, na ikipita bila ujenzi kuanza ardhi inarudi bila kesi. Na andikeni kwamba wakiuza kampuni kwa mtu mwingine nyinyi mnaulizwa kwanza na hisa zenu haziguswi. Hisa za jamii huwa zinapungua kimyakimya kila pesa mpya inapoingia, asilimia 5 inakuwa 2 na hakuna aliyewaambia, kwa hiyo liwemo neno kwamba hazipunguzwi.

Pesa ya kung'oa paneli mwaka wa 30 iwekwe kando kuanzia mwanzo, kwenye akaunti ambayo kampuni haiwezi kuigusa. Na gharama ya wakili wenu na mhasibu wenu wailipe wao lakini mchague nyinyi. Hilo ni jambo la kawaida, msione aibu kulidai. Wakili aje kabla ya mkutano, sio baada.

Dada_wa_Laisamis

Na mkataba usomwe wote kwa Kisamburu, neno kwa neno, siku mbili tofauti, siku moja wanawake wakae peke yao na wakili waulize maswali yao bila mzee kuwaangalia. Mngoje mvua inyeshe vijana warudi na mifugo ndio mpige kura. Kampuni ikisema haiwezi kungoja, basi sio ya kukaa na nyinyi miaka 30.